Kanali wa Magodoro

Ipo nchi moja ambayo hamtaiona kwenye ramani, kwa sababu wachora ramani walipofika mpakani waliambiwa wasubiri kibali, na hadi leo wanasubiri. Haya yalitokea huko na si kwingine. Msomaji atakayedhani anaitambua nchi hiyo ajue kwamba ana macho makali kuliko inavyoshauriwa.

Nchi hiyo ilikosa Waziri Mkuu. Aliyekuwapo alikuwa amepumzishwa kwa heshima baada ya kupiga chafya katikati ya wimbo wa taifa. Kupumzishwa kwa heshima ni jambo zuri sana. Mtu huchukuliwa kwa gari jeusi hadi Nyumba ya Mapumziko kule kilimani, nyumba yenye madirisha mapana, na kila Jumapili wananchi hukusanyika chini kumtazama akiwapungia mkono. Baada ya muda hapungi tena. Pazia hufungwa, na gazeti la serikali huandika kwamba mheshimiwa amezidi kupumzika.

Sasa, waliotajwa kushika nafasi ile walikuwa wawili. Wa kwanza ni Jenerali Tondo Makwega, mkuu wa majeshi, mtu wa kifua kipana na medali nyingi za vita ambavyo majirani hawakuwahi kuarifiwa. Wa pili ni Bwana Idarusi Ndelwa, mwenye kiwanda cha magodoro, mtu mfupi, mpole, ambaye nusu ya taifa ililala juu ya kazi ya mikono yake.

Siku ya karamu ya Ikulu, Jenerali alifuta midomo akasema kwa sauti ya uwanjani, "Kampuni ni nini? Ni kikosi kisicho na nidhamu! Nipeni kiwanda chochote, nitakinyoosha."

Bwana Ndelwa alikuwa ameshiba, na shibe ndiyo iliyomponza. "Na jeshi, Jenerali, ni kampuni isiyo na mteja," alisema. "Kuongoza ni kuongoza. Anayeweza kuuza godoro anaweza kuongoza vita."

Meza nzima ilicheka. Mtukufu, Mkuu wa Vyote, hakucheka. Aliweka kijiko chini, na vicheko vikakatika kama vimefungiwa bomba.

"Badilishaneni," alisema Mtukufu. "Wiki moja. Wewe Makwega, chukua magodoro. Wewe Ndelwa, chukua kikosi cha mpakani, cheo chako Kanali. Atakayeshinda ni Waziri Mkuu wangu."

"Na atakayeshindwa, Mtukufu?" aliuliza Ndelwa.

"Atapumzishwa kwa heshima," alisema Mtukufu, akachukua tena kijiko.

*

Mke wa Ndelwa, Bi. Shemsa, alimfungia mzigo hadi akafika kwenye soksi.

"Wewe, baba, hata kuku humfukuzi jikoni. Unambembeleza atoke."

"Na hutoka, mke wangu."

"Hutoka kwa sababu amechoka kukusikiliza." Alikunja soksi, akazikunjua, akazikunja tena. "Idarusi, sitaki uwe Waziri Mkuu. Sitaki mume wa kunipungia mkono Jumapili. Urudi tu. Umenisikia? Urudi tu."

"Nitarudi," alisema Ndelwa. Akavaa gwanda alilopewa, na mikono ya gwanda ikamfunika hadi ncha za vidole.

*

Kikosi kilikaa ukingoni mwa Daraja la Undugu. Nchi mbili zililijenga pamoja ili ziwe ndugu, na lilipokamilika kila upande uliweka mizinga ya kuulinda undugu huo. Ng'ambo palionekana forodha ya jirani, mnara wa soko, na askari wa jirani wakiwatazama wa huku kwa darubini, wakati wa huku wakiwatazama wao kwa darubini.

Ndelwa alipokewa na Sajini Meja Kilongola, mtu aliyesimama wima hata akiwa ameketi.

"Karibu, afande! Kikosi kinasubiri amri, afande!"

"Ahsante, ndugu yangu. Hakuna haraka. Labda chai kidogo."

"Chai kidogo, ndiyo afande!" Sajini Meja aligeuka akairudia amri kwa sauti kubwa, makoplo wakairudia kwa askari, na askari wakairudia kwa wapishi. Kufumba na kufumbua kambi nzima ilikuwa inawasha majiko, hata wa zamu waliacha lindo kwenda kutafuta kuni.

"La, la!" alisema Ndelwa. "Nilisema tu. Acheni basi."

Sajini Meja alimtazama kwa huruma. "Afande, katika jeshi letu amri haifutwi na aliyeitoa. Anayefuta amri yake ameogopa, na amri ya mwoga haisikilizwi. Anayeweza kuifuta ni Jenerali peke yake. Ila afande anaweza kuongeza."

"Kuongeza nini?"

"Chochote, afande. Amri huongezwa. Haipunguzwi."

Ndelwa alifikiri kidogo. "Basi ongezeni vitumbua."

"Na vitumbua, ndiyo afande!"

Jioni ile Ndelwa alikunywa chai akiwa amestaajabu. Kule kiwandani, kuhamisha cherehani kutoka ukuta huu hadi ule kulimgharimu nusu siku ya mabishano, na fundi mmoja angenuna hadi mwisho wa mwezi. Hapa mtu akifungua mdomo, watu mia wanakimbia. Alijaribu kuwauliza maofisa wake wana maoni gani juu ya ulinzi wa daraja.

"Maoni tunayo, afande," alisema Sajini Meja. "Yako ghalani. Hatujawahi kuamriwa kuyatoa."

*

Mambo yangeishia kwenye chai kama si redio. Kila asubuhi ilitangaza habari za Kiwanda cha Magodoro. Meneja Mkuu mpya, Jenerali Makwega, alikuwa amepiga marufuku kupatana bei. Mteja sasa alisimama mguu sawa, akataja kipimo cha godoro, akalipa, akageuka nyuma, akatembea. Aliyeomba apunguziwe alizungushwa ghala mbio huku amebeba godoro kichwani. Mauzo, ilisema redio, yamepanda hadi wahasibu wanalia kwa furaha.

Baada ya redio alikuja Bi. Rukonge, Katibu wa Ulinganisho, mwanamke mwembamba aliyetembea na mizani ndogo ya shaba ndani ya kisanduku. Alikuwa ametumwa kupima viongozi wale wawili. Aliweka mizani juu ya meza ya Ndelwa, akaketi, akaitazama kwa muda mrefu.

"Upande wa Jenerali una uzito," alisema. "Upande wako, Kanali, naona chai."

"Na vitumbua, Bi. Mkubwa."

"Wiki inaisha leo. Nitakaa hapa hadi jioni. Nionyeshe kitu." Kisha akashusha sauti kama jirani mwema. "Chumba kimeshafagiliwa kule kilimani. Nimekiona. Kina dirisha zuri."

Ndelwa alitoka nje. Alihitaji kitu cha kuonyesha, kitu chenye kelele na vumbi. Akaamua: gwaride. Kikosi kitembee kwa tarumbeta hadi katikati ya daraja, kipige saluti, kirudi. Bi. Rukonge ataona buti zikipanda na kushuka, mizani itainama kidogo, basi.

Lakini ninyi mnaofanya biashara mnajua namna mtu wa sokoni anavyoomba. Akitaka tano husema kumi. Anayemwambia tano moja kwa moja humwona mgonjwa. Ndelwa alikuwa ameomba hivyo maisha yake yote, kwa wauza pamba, kwa madereva, kwa baba mkwe wake siku ya posa. Hakujua hata kama ni mazoea. Ilikuwa kama kupumua.

Aliwaita maofisa, akasimama juu ya kreti, akataja bei yake ya kwanza.

"Leo saa kumi alasiri," alisema, "kikosi kitavuka daraja, kitateka forodha ya jirani, na kitasonga mbele hadi sokoni!"

Kisha akanyamaza, akakunja mikono, akasubiri waanze kumshusha. Angewasikiliza kwa uso mgumu. Mmoja angesema, afande, sokoni ni mbali, tuishie forodhani. Mwingine angesema, forodhani nako kuna mizinga, tuishie katikati. Hapo angeguna, angetikisa kichwa, angekubali kwa shingo upande.

Upepo ulivuma. Inzi alipita.

"Kikosi kitavuka daraja saa kumi alasiri, kitateka forodha, kitasonga hadi sokoni!" alirudia Sajini Meja. "Ndiyo afande!"

"Ndiyo afande!" walisema maofisa, wakatawanyika mbio.

"Subirini!" alisema Ndelwa. "Hamna la kusema?"

Sajini Meja aligeuka. "Tunalo, afande."

"Haya, semeni!"

"Ndiyo afande!"

Bi. Rukonge, aliyekuwa amesimama mlangoni, alifungua kisanduku chake taratibu. "Sasa hiki," alisema, "ni kitu."

*

Saa nane Ndelwa alikuwa kwenye simu ya kambi, ameishika kwa mikono miwili.

"Magodoro! Taja jina na shida!" ilinguruma sauti.

"Jenerali, ni mimi, Ndelwa."

"Ndelwa! Hawa akina mama wako wa jumla ni watu wa aina gani?" Nyuma ya sauti yake kulisikika vicheko na mtu akiimba. "Nimewaambia bei ni moja. Wakasema, 'Sawa, baba, ni moja, sasa tuizungumze.' Nikawaamuru nyuma geuka. Wakageuka. Kisha wakaketi juu ya magodoro, migongo kwangu, wakaanza kusukana nywele! Siku ya tatu leo! Wanapika humu ndani!"

"Lakini redio inasema mauzo yamepanda."

"Redio ni ya jeshi, Ndelwa. Usiwe mtoto."

Ndelwa akamweleza shida yake kwa haraka. Amri imetoka kwa bahati mbaya, vijana wanafunga buti, mizinga ya jirani imekaa tayari, na anayeweza kufuta ni Jenerali peke yake. Neno moja tu.

Ndelwa alisikia mama mmoja akisema, "Mwulize huyo wa kwenye simu, yeye ndiye anayejua kupunguza."

"Vijana wangu hao," alisema Jenerali hatimaye, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Baadhi yao niliwaandikisha mwenyewe." Kisha akakohoa, ikapanda tena. "Nitaifuta. Lakini utamwambia Rukonge kwamba umeshindwa. Useme kwa kinywa chako, aandike."

"Hiyo ni kwenda kilimani, Jenerali."

"Ndiyo bei yangu."

"Punguza, mzee wangu. Tuseme tumetoka sare. Sote wawili..."

"Hapa hapapatanwi bei!" Jenerali alipaza sauti, labda ili akina mama wasikie. "Imeandikwa mlangoni!" Akakata simu.

Ndelwa alipiga tena. Mpokea simu akasema Meneja Mkuu yuko chini ya ulinzi wa wateja.

*

Alitoka akapita katikati ya askari. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyelia. Walikuwa wakijaza chupa za maji na kukaza mikanda, kama watu wanaojiandaa kwenda shambani. Koplo mmoja, kijana mrefu mwenye pengo, alimpigia saluti kisha akajikaza akasema:

"Afande, samahani. Godoro letu la harusi ni la afande. Lenye maua ya bluu."

"Linafaa?"

"Linafaa sana, afande. Mke wangu analala upande wa ukutani. Anasema upande wangu umeshabonyea, na nisiporudi atajikuta anabingirikia huko." Akacheka peke yake, kisha akaacha.

Ndelwa alisimama. Angeweza kwenda kwa Bi. Rukonge sasa hivi na kununua amri ifutwe. Angeona dirisha zuri, na Shemsa angesimama chini siku ya Jumapili akitazama juu. Au angeweza kukaa kimya, na upande mmoja wa godoro la huyu kijana ungebaki umebonyea bila mtu. Hakuwa mtu wa kulipa bei ya kwanza, lakini saa nayo haikuwa ikipunguza.

Ndipo alipokumbuka vitumbua.

"Sajini Meja! Amri inaweza kuongezwa?"

"Huongezwa, afande!"

"Basi naongeza. Kikosi kitavuka nitakapoinua mkono. Kabla sijainua mkono, hakuna buti litakalogusa daraja."

Sajini Meja alirudia, kisha akasita, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aandikishwe. "Afande, ishara hutolewa kutoka mbele ya kikosi. Na amri imesema saa kumi. Saa kumi lazima mtu avuke."

"Kanuni inasema avuke nani?"

"Haisemi, afande. Mtu."

"Nitavuka mimi," alisema Ndelwa. "Nitasimama ng'ambo. Mtanitazama mkono."

Sajini Meja alimtazama. Alimtazama muda mrefu kuliko kanuni inavyoruhusu, na labda huko ghalani kuna kitu kilisogea. "Tutautazama mkono, ndiyo afande," alisema kwa sauti ya chini.

Bi. Rukonge alichukua darubini. "Kamanda kutangulia peke yake," alisema. "Kanali, mizani yangu haijawahi kuona hili."

*

Daraja lile ni refu ukilitembea na watu wa pande zote wamekushikia pumzi. Ndelwa alitembea akisikia viatu vyake. Mikono aliikandamiza mapajani. Jasho lilimwingia machoni asilifute.

Ng'ambo, askari watatu walimrukia kutoka nyuma ya magunia ya mchanga, na nyuma yao akatokea Meja Tibenda, mkuu wa forodha ya jirani, mtu mnene mwenye leso shingoni. Walisema lugha ileile, ingawa nchi hizo mbili ziligombana juu ya jambo ambalo kila upande unalikumbuka tofauti.

"Simama! Mikono juu!"

"Siwezi, ndugu yangu," alisema Ndelwa.

"Mikono juu, nasema!"

"Nikiinua mkono, wale wote watakuja." Ndelwa alielekeza kwa kidevu.

Meja Tibenda akatazama. Ng'ambo ya pili kikosi kizima kilikuwa kimesimama ukingoni mwa daraja, kimeinama mbele kidogo, na macho ya wote yalikuwa kwenye kiganja kimoja. Meja akarudi nyuma hatua moja.

"Basi usiinue," alinong'ona.

"Ahsante."

"Lakini nimeshatoa amri." Uso wa Meja ulikuwa umekauka. "Kwetu amri haifutwi. Usipoinua, hawa vijana lazima wapige. Nahesabu hadi tatu."

"Hesabu hadi kumi, tuzungumze."

"Sihesabu hadi kumi! Tano."

"Tisa."

"Sita."

"Nane, mkuu wangu, mimi ni baba wa watu."

"Saba, basi, saba!" Meja alishika mdomo wake. Hakuwa amewahi kuongeza kitu mbele ya adui. Askari wake walitazamana. "Moja," alisema haraka.

"Hukutaja kiasi gani cha kuinua. Kidole?"

"Mikono yote, juu kupita kichwa. Mbili."

"Nyumbani una watoto?"

"Wanne. Tatu! Usinichanganye!"

"Wanalala wapi?"

"Wanalala kwenye... nne... magodoro ya magendo ya kwenu, hayo ndiyo mazuri. Tano. Bwana, inua au fanya kitu, nakuomba!"

Juu kupita kichwa. Ndelwa aliyasikia maneno hayo, na maisha yake yote ya kazi yakamjia mikononi. Mtu huyu alikuwa amepata riziki kwa kuwatazama watu wakijilaza. Alijua kila namna ya kulala aliyopewa binadamu, na mojawapo, ile ya watoto na ya walevi, ni kulala chali na mikono imenyooshwa kupita kichwa.

"Sita," alisema Meja, akifumba macho.

Ndelwa alijitupa chini, akalala chali barabarani, akanyoosha mikono yote miwili nyuma ya kichwa chake, migongo ya viganja imegusa lami. Mikono ilikuwa imepita kichwa. Haikuwa imeinuka hata kimo cha mkate. Wakati huohuo kijana mmoja wa Meja, kwa hofu tu, alibana kidole kwenye kifyatulio, na risasi ikaenda mawinguni.

Mlio ulizunguka bondeni, ukaisha. Kikosi cha ng'ambo kikayumba mbele, kikatazama mkono. Hakuna mkono. Kikabaki hapohapo.

"Imetekelezwa?" aliuliza Ndelwa kutoka chini.

Meja Tibenda alifungua jicho moja, akamkagua, akafuta shingo kwa leso. "Imetekelezwa," alisema, kisha akaketi barabarani kando yake.

*

Bi. Rukonge aliona kwa darubini kamanda akianguka na mlio ukifuata. Alifunga kisanduku chake. Redio ikatangaza msiba, bendera zikashushwa, na Mtukufu akatoa uamuzi: imethibitika kwamba mwanajeshi ni kiongozi bora wa biashara, kwani amepata faida, na mfanyabiashara ni kiongozi bora wa jeshi, kwani amekufa. Sajini Meja Kilongola alimwona marehemu akiinuka, akikung'uta suruali na kupewa maji. Hakuulizwa.

Jenerali Makwega akawa Waziri Mkuu. Lakini inasemekana akina mama walikuwa wamemshusha bei kwa siku tatu mfululizo, hadi ulimi wake ukazoea. Mtukufu alipompa amri yake ya kwanza Ikulu, mbele ya mabalozi, Jenerali alijibu, "Punguza kidogo, mzee." Siku hizi anapunga mkono kila Jumapili. Anapunga vizuri, kijeshi.

Bi. Shemsa, mjane wa shujaa, alipewa kibali cha kuvuka daraja aweke shada la maua pale mumewe alipoanguka. Alimkuta ameketi hatua chache mbele, kwenye kibanda, akishona godoro.

"Nilikwambia urudi," alisema.

"Nilikuwa nazungumza nao."

"Mpaka wamechoka kukusikiliza." Akaliweka shada chini, akaketi, akavua viatu. Hakuvuka tena kurudi.

Ndelwa anaishi huko hadi sasa, mbele ya forodha, machoni pa pande zote mbili. Watu humsalimia naye hujibu kwa kichwa. Sokoni hununua kwa kukonyeza. Nguo za kamba ya juu huanikwa na mkewe, na inzi akimtulia usoni yuko askari wa Meja Tibenda aliyepangiwa zamu ya kumfukuzia. Usiku hufungwa mikono kwa kitambaa laini, asije akaota anamwita mtu kwa mkono.

Na upande wa pili kikosi bado kimesimama ukingoni mwa daraja, buti zimefungwa, Koplo mwenye pengo akiwa mstari wa mbele. Amri haijafutwa. Wanautazama mkono.